Bunduki getini au mlango bwenini?

  Huku mimi mzima, joto ndilo linalotutoa jasho, na kazi ni zile zile za zamu.

Leo naandika kumjibu Mjomba. Wiki iliyopita alinipigia simu baada ya kikao cha wazazi wa ile shule ya bweni wanakosoma watoto wetu. Kikao kimependekeza kila mzazi atoe mchango wa kuweka ulinzi wa bunduki getini, na walimu wawili wapelekwe kujifunza kulenga shabaha. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyeko ng'ambo, jina langu tayari liko juu kwenye orodha ya wachangiaji! Mjomba akaniuliza: "Wewe uko huko waliko walinzi wa kila aina, na umehudhuria mafunzo hayo. Waonaje?" Nikamwambia jambo hili halijibiki kwa dakika tatu za simu. Basi chukueni chai mkae, maana hadithi ni ndefu.

Kwanza niwaeleze nilivyoingia darasa la bunduki. Mtaa ninaokaa unaitwa Al-Rawdah, mashariki mwa Riyadh. Msichanganye na Al-Rawdah ya Jeddah, kwa maana Jeddah nako kuna mtaa wa jina hilo. Rawdah kwa Kiarabu ni bustani, na shule ya chekechea pia huitwa hivyo, bustani ya watoto. Shule moja binafsi ya hapa mtaani iliandaa mafunzo ya siku mbili kwa walimu na walinzi wake: ufanye nini mtu mwenye silaha akiingia shuleni. Walitaka muuguzi wa kufundisha namna ya kumsaidia anayetokwa na damu nyingi, nikaombwa mimi. Nikafundisha saa zangu mbili, na muda uliobaki nikakaa na wengine kama mwanafunzi.

Mkufunzi alikuwa mwanajeshi mstaafu kutoka Pakistan, mzee mpole mwenye ndevu nyeupe. Risasi ya kweli haikupigwa hata moja. Nchi hii kumiliki silaha kunahitaji leseni ya Wizara ya Mambo ya Ndani, hivyo tulitumia bastola za mpira. Mzee alianza na kanuni nne ambazo hufundishwa karibu kila mahali: kila bunduki ihesabu kuwa ina risasi, usimwelekezee mdomo wake mtu usiyekusudia kumpiga, kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umeamua, na jua kilichoko nyuma ya unayemlenga. Alipofika ya nne ukumbi ulinyamaza. Shuleni, nyuma ya unayemlenga kuna nini? Kuna darasa. Na nyuma ya darasa hilo kuna darasa lingine.

Kisha akafanya zoezi. Mwalimu mmoja wa hesabu, kijana mwenye afya yake, alipewa bastola ya mpira akasimama kwenye ujia. Kengele ikalia, sisi wengine tukaambiwa tukimbie kutoka madarasani, na kati yetu wamo wawili waliojifanya washambuliaji. Yule kijana alikuwa na sekunde chache za kuchagua. Akamlenga mwalimu wa Kiarabu aliyekuwa anakuja mbio na simu mkononi! Watu wakacheka mpaka machozi. Mzee hakucheka. Akasema, "Sasa fikirini ni usiku, kuna moshi, na watoto wanalia." Kicheko kikaisha hapo hapo.

Mchana nikamuuliza kama kwao Pakistan walimu hubeba bunduki. Jibu lake ndilo lililonifanya nitafute historia yote ninayowaandikia leo.

Tarehe 16 Desemba 2014 washambuliaji wa Taliban waliingia Army Public School mjini Peshawar wakaua watu karibu 150, wengi wao wakiwa wanafunzi. Mwezi uliofuata, serikali ya jimbo la Khyber Pakhtunkhwa iliwaruhusu walimu kubeba silaha shuleni, na polisi wakaanza kuwafundisha. Picha za walimu wa kike waliojifunika vizuri, wameshika bunduki uwanjani, zilizunguka duniani kote. Yaliyofuata yanafundisha pande zote mbili. Mnamo 2015, huko Swat, bunduki ya mwalimu ilifyatuka kwa bahati mbaya ikamuua mwanafunzi wake mwenyewe. Halafu tarehe 20 Januari 2016 chuo kikuu cha Bacha Khan, mji wa Charsadda, kilivamiwa. Mhadhiri wa kemia, Syed Hamid Husain, alichomoa bastola yake akajibu mapigo, na wanafunzi wakapata nafasi ya kukimbia. Yeye aliuawa. Walinzi wa chuo nao walipambana mpaka askari wakafika. Siku ile walikufa zaidi ya 20, na huenda wangekuwa wengi zaidi kama si hao.

Kwa hiyo Mjomba, siwezi kukwambia kwamba bunduki haisaidii kamwe. Imewahi kusaidia. Swali langu ni jingine: watoto wetu, katika shule kama ile yetu, wamekuwa wakifa kwa sababu gani? Dawa hutolewa kwa kufuata ugonjwa.

Nianze na huku niliko. Riyadh ilionja mashambulizi mazito miaka ishirini na kitu iliyopita. Usiku wa tarehe 12 Mei 2003 makazi matatu ya wageni yalilipuliwa kwa magari ya mabomu, watu zaidi ya 30 wakafa. Tarehe 6 Desemba 2004 ubalozi mdogo wa Marekani mjini Jeddah ulivamiwa, wafanyakazi watano wakauawa. Na tarehe 3 Julai 2005 hapa hapa Al-Rawdah ya Riyadh yalitokea mapambano ya risasi kati ya askari na watu wa Al-Qaeda, akauawa Mmoroko aliyekuwa akitajwa kuwa kiongozi wao nchini, Younis al-Hayari. Ndiyo miaka ambayo makazi ya wageni yalizungushiwa vizuizi vya zege na askari wenye silaha.

Shambulio la bunduki ndani ya shule lililoshtua mji huu halikuja na gari la mabomu. Tarehe 31 Mei 2017 mtu aliyewahi kufanya kazi Kingdom Schools hapa Riyadh, na ambaye alikwisha kuachishwa, alirudi akawapiga risasi wafanyakazi wawili wakafa. Wanafunzi hawakuwepo siku hiyo. Muuaji hakuwa mgeni mwenye kofia usoni, alikuwa mtu anayeijua shule. Jambo hili ukilitafakari, hata bawabu mwenye bunduki angeweza kumsalimia kwa heri akampisha.

Lakini ukiwauliza Wasaudi wenyewe ni msiba gani wa shule ulioibadilisha nchi yao, hawatakutajia bunduki. Watakutajia moto wa Makka. Tarehe 11 Machi 2002 shule ya kati ya wasichana namba 31 ilishika moto asubuhi. Lilikuwa jengo la kupanga, limejaa wanafunzi, na geti limefungwa kwa kufuli kama ilivyokuwa desturi ya kuwalinda wasichana. Walikufa wasichana 15, na makumi wakajeruhiwa kwa kukanyagana. Magazeti ya Saudia yaliandika waziwazi kwamba askari wa dini walizuia uokoaji kwa sababu wasichana hawakuwa wamevaa abaya, ingawa uchunguzi wa serikali ulikana kwamba hilo ndilo lililosababisha vifo. Mwezi huo huo idara ya elimu ya wasichana, iliyokuwa chini ya mashehe, ikahamishiwa Wizara ya Elimu. Miaka tisa baadaye, Novemba 2011, moto ukawaka tena katika shule ya wasichana ya Baraem al-Watan mjini Jeddah. Walimu walikufa wakiwa na wanafunzi wao, na wasichana wakaruka kutoka madirishani.

Hebu shikeni neno hilo, geti la kuwalinda wasichana. Nitalirudia.

Sasa twende Marekani, kwa kuwa mafunzo haya ya walimu kupiga bastola yana mizizi mirefu kule. Tarehe 20 Aprili 1999 wanafunzi wawili waliua watu 13 katika shule ya Columbine, Colorado. Polisi wa kwanza kufika walizingira jengo wakasubiri kikosi maalumu, kama walivyofundishwa enzi zile. Wakati wanasubiri, mwalimu mmoja ndani alikuwa anatokwa na damu kwa saa kadhaa mpaka akafa. Tangu hapo mafunzo ya polisi yalibadilika: askari wa kwanza kufika aingie moja kwa moja, asisubiri. Kisha tarehe 14 Desemba 2012 ikaja Sandy Hook, Connecticut, watoto 20 wadogo na watu wazima 6. Mwaka uliofuata, jimbo la Ohio, wakfu mmoja wa wapenda bunduki ulianzisha kozi iitwayo FASTER, siku tatu za kuwafundisha walimu kupiga bastola na kutibu majeraha.

Siku tatu zatosha? Hapo ndipo penye ubishi. Mwaka 2021 mahakama kuu ya Ohio iliamua kwamba mwalimu mwenye bunduki lazima apate mafunzo ya polisi, ambayo ni mamia ya saa. Mwaka 2022 wabunge wakabadili sheria, mafunzo yanayodaiwa yakashuka hadi saa zisizozidi 24. Florida wao walikwisha kuweka saa 144 mwaka 2018, baada ya shambulio la Parkland. Nchi moja, majimbo mawili, na tofauti ni mara sita! Na hata polisi wanaofanya mazoezi maisha yao yote hukosa. Utafiti wa taasisi ya RAND uliotoka 2008 ulikuta kwamba polisi wa New York, wanapopigiana risasi na mtu, risasi zao zilizompata mlengwa zilikuwa asilimia 18 tu. Zile 82 zilizobaki zilikwenda mahali. Kumbukeni kanuni ya nne ya mzee.

Halafu Uvalde, Texas, tarehe 24 Mei 2022. Watoto 19 na walimu wawili. Siku ile walifika askari karibu 400 wenye kila aina ya silaha, wakakaa dakika 77 kabla ya kuingia darasani. Bunduki hazikukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kuamua, na watu waliozoea kufanya pamoja kile walichofundishwa.

Haya, turudi kwetu Afrika Mashariki, maana Mjomba atasema nimezunguka dunia nzima.

Uganda ndiyo yenye makovu ya zamani. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996 waasi wa LRA waliwateka wasichana 139 kutoka chuo cha St. Mary's Aboke. Mtawa mmoja Mwitaliano, Sista Rachele Fassera, aliwafuata msituni akiwa na mwalimu John Bosco Ocen, mikono mitupu. Akabembeleza mpaka akapewa wasichana 109. Thelathini wakabaki, na habari zao ni uchungu wa miaka mingi. Tarehe 8 Juni 1998 waasi wa ADF walivamia chuo cha ufundi cha Kichwamba, karibu na Fort Portal, wakachoma mabweni, wanafunzi 80 wakaungua. Na msidhani hayo yalikwisha na karne ile. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 hao hao ADF walivuka kutoka Congo wakaingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wilaya ya Kasese. Walikufa watu 42, wanafunzi 37 kati yao, na mlinzi wa shule naye aliuawa. Wavulana walijifungia bwenini. Wauaji waliposhindwa kuingia wakatia moto, na waliokuwa ndani hawakuwa na njia nyingine ya kutokea.

Kenya nasi tunayo Garissa. Alhamisi tarehe 2 Aprili 2015, alfajiri, watu wanne wa Al-Shabaab waliingia chuo kikuu cha Garissa. Walinzi wa getini walikuwa wa kwanza kupigwa. Wanafunzi waliokuwa kwenye sala ya asubuhi wakafuatia, kisha mabweni. Kikosi maalumu cha polisi kilikuwa Nairobi, na kilipofika na kuingia, jioni, kazi ilikwisha kwa muda mfupi. Lakini mpaka saa hiyo walikuwa wamekufa watu 148, wanafunzi 142. Hapa tena bunduki zilikuwepo, tatizo likawa umbali na amri. Wapo waliopona kwa kujificha, msichana mmoja alitolewa kabatini baada ya siku mbili.

Yaliyofuata baada ya Garissa hayasimuliwi sana, na mimi naona ndiyo yanayotuhusu zaidi. Siku kumi baadaye, tarehe 12 Aprili, transfoma ililipuka karibu na kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi wakadhani ni Al-Shabaab, wakaruka kutoka ghorofani gizani. Mmoja alikufa na zaidi ya 100 wakaumia, bila mshambuliaji hata mmoja! Kisha tarehe 30 Novemba mwaka huo huo chuo cha Strathmore, Nairobi, kikafanya zoezi la kujihami, milio ya risasi ikasikika, na watu wengi hawakujua kwamba ni mchezo. Wakaruka madirishani. Mfanyakazi mmoja akafariki. Zoezi la kuokoa maisha likaua. Kwa hiyo mtu akiwaambia wazazi kwamba atawafundisha walimu na wanafunzi kujihami na bunduki, mwulizeni kwanza: mtatangazaje zoezi lenu?

Sisemi kwamba hatari ya bunduki ni ndoto. Ndugu zetu walimu walioko kaskazini mashariki wanaijua. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lilisimamishwa Mandera, watu 28 wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wanarudi likizo. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa. Shule ya mpakani inahitaji askari wa serikali wenye silaha na mawasiliano, na hilo ni deni la serikali, halilipwi kwa mchango wa mzazi anayeuza nazi.

Lakini shule yetu haiko mpakani. Shule yetu iko Pwani, na Pwani tunayo historia yetu wenyewe. Machi 1998 mimi nilikuwa mtoto mdogo, lakini nakumbuka watu wazima walivyokuwa wakizungumza kwa sauti ya chini kuhusu shule ya wasichana ya Bombolulu, kule Mazeras. Bweni liliwaka usiku. Madirisha yalikuwa na vyuma, mlango umefungwa. Wasichana 26 walikufa. Miaka mitatu baadaye, Machi 2001, ikawa Kyanguli, Machakos, wavulana 67. Pale bweni lilikuwa na milango miwili, na mmoja ulikuwa na kufuli. Tanzania majirani zetu walikwisha kuzika wasichana zaidi ya 40 wa Shauritanga, Rombo, mwaka 1994, na wengine 12 wa Idodi, Iringa, mwaka 2009. Na tarehe 5 Septemba 2024, juzi tu, Hillside Endarasha kule Nyeri, wavulana 21. Bweni moja lililala watoto zaidi ya 150.

Nilipopanga tarehe hizi zote kwenye daftari, kutoka Makka mpaka Mazeras, mpaka Mpondwe, niliona kitu kimoja kinachojirudia kuliko bunduki. Ni mlango. Kila mahali kuna mtu mzima aliyefunga kwa nia njema: wasichana wasitoroke, wezi wasiingie, magaidi wasipite. Vyuma vya dirisha viliwekwa kwa ajili ya usalama. Kufuli liliwekwa kwa ajili ya usalama. Na usiku wa shida, ule usalama wenyewe ukawa ndio mtego. Hata Mpondwe, ambako adui alikuja kweli na silaha kweli, wavulana walifanya sawasawa na inavyofundishwa, walifunga mlango, lakini hawakuwa na mwingine wa nyuma.

Mtaniuliza, sasa tufunge au tufungue? Mzee wa Pakistan alilijibu vizuri. Mlango mzuri wa shule ni ule ambao mtu wa nje hawezi kuufungua, na mtoto aliye ndani anaufungua kwa mkono mmoja gizani, bila ufunguo, bila kumtafuta matroni. Komeo la ndani, si kufuli la nje. Na lazima uwepo mlango wa pili, upande wa pili. Maneno haya si mageni kwetu. Wizara ya Elimu ya Kenya ilitoa mwongozo wa usalama wa shule mwaka 2008, na humo imeandikwa: milango ya bweni iwe na upana wa angalau futi 5 na ifunguke kwa nje, iwe kila mwisho wa jengo, na wa dharura katikati, isifungwe kutoka nje watoto wakiwa ndani, madirisha yasiwe na vyuma, kati ya kitanda na kitanda iwe angalau mita 1.2. Karatasi tunayo tangu 2008. Endarasha ni 2024.

Jambo la mwisho ni la fani yangu, na nawaomba mlisome hata kama mmechoka.

Katika mafunzo yale walimu walingoja kwa hamu saa ya bastola. Saa yangu ya damu waliiona kama mapumziko. Lakini mtu aliyekatika mshipa mkubwa wa mguu au mkono anaweza kufa ndani ya dakika tano hivi, na gari la hospitali huwa bado halijatoka. Zamani sisi wauguzi tulifundishwa kuogopa kufunga mkanda wa kubana damu, tukaambiwa mgonjwa atapoteza kiungo. Vita vya Iraq vikabadilisha mawazo. Daktari wa jeshi la Marekani, John Kragh, alifuatilia majeruhi katika hospitali moja ya Baghdad mwaka 2006. Waliofungwa mkanda kabla mwili haujaishiwa nguvu kwa kupoteza damu walipona 90 kwa 100. Waliochelewa, 10 kwa 100. Baada ya Sandy Hook, daktari mpasuaji Lenworth Jacobs wa Hartford aliwakusanya wenzake waone raia wa kawaida anaweza kufanya nini kabla ya daktari kufika, na mwaka 2015 Marekani ikaanza kampeni ya kufundisha watu wote kuzuia damu.

Somo lenyewe ni fupi. Damu ikitoka kwa nguvu mkononi au mguuni, bonyeza kwa nguvu kwa kitambaa. Haikomi? Funga mkanda juu ya jeraha, kama vidole vitatu hadi vinne kuelekea kiunoni au begani, si juu ya goti wala kiwiko. Kaza mpaka damu ikome, hata akilia. Andika saa uliyofunga. Usilegeze mpaka afike hospitali. Jeraha likiwa kinenani, kwapani au shingoni, ambako mkanda hauwezi kukaa, mkandamize hapo hapo. La kinenani na kwapani lishindilie kitambaa safi ndani kisha ukandamize kwa mikono miwili bila kuachia. Basi. Mwalimu wa darasa la kwanza anaweza, mpishi anaweza, na mwanafunzi wa sekondari anaweza.

Na ujuzi huu haungoji gaidi. Utatumika siku matatu imepinduka mbele ya geti, siku mtoto amejikata na panga shambani, siku kioo cha dirisha kimeanguka. Bunduki ya getini inaweza kukaa miaka 20 ikingoja siku moja, na katika miaka hiyo 20 kila usiku lazima mtu ahakikishe haijaibwa, haijashikwa na mtoto, na aliyeishika hajalewa. Sheria yetu Kenya nayo haimruhusu askari wa kampuni abebe bunduki hivi hivi, kama mlivyozoea kuwaona wa Uganda. Mtahitaji polisi, na polisi mmoja usiku, peke yake getini... kumbukeni ni nani alipigwa kwanza Garissa.

Kwa hiyo Mjomba, jibu langu kwa kikao ni hili, unaweza kuwasomea. Mchango wangu nitautoa, tena nitauongeza kidogo, lakini uende hivi. Kwanza fundi wa vyuma aje aondoe nondo za madirisha ya mabweni, na kila bweni litobolewe mlango wa pili. Makufuli ya nje yakusanywe yote, yatupwe au yauzwe. Pili, filimbi au kengele moja ya hatari inayojulikana na kila mtoto, na zoezi kila muhula, lililotangazwa wazi kwa watoto, kwa wazazi na kwa jirani ili asiruke mtu. Tatu, namba ya kituo cha polisi iandikwe ukutani, na OCS aalikwe aje aione shule, ajue njia za kuingilia kabla ya siku ya shida. Nne, bawabu aliyeko aongezewe mshahara na apewe mwenzake, tochi nzuri na simu yenye salio. Tano, mikanda ya kubana damu na pamba. Hiyo nitaituma mimi, na nikija likizo nitawafundisha walimu wote kwa siku moja bila malipo.

Baada ya hayo yote, kama pesa itabaki na wazazi bado wanataka bunduki, tukae tena tuzungumze.

Nyinyi wengine mnaosoma, hasa wenye watoto bweni: mkienda siku ya kuwatembelea, baada ya kuwapa chapati zao, ombeni kuingia bwenini. Usukumeni mlango kwa ndani. Hesabuni milango mingapi inafunguka.

Nawapenda wote, nawasalimu mmoja mmoja. Bibi ameze dawa zake za presha asingoje mpaka kichwa kiume. Tuonane panapo majaliwa.